Mke wa Rais Aliyefika Garissa Ndani ya Boksi

Nyinyi vijana mliobaki pale maktaba mtaambiwa na watu wa ofisini kwamba Mama Rukia alikuwa mama wa gundi tu. Ni kweli. Nimeshika gundi tangu nikiwa msichana mwenye mtoto mmoja mgongoni mpaka juzi, serikali iliposema imetuchoka, twende nyumbani mapema tukiwa bado na meno. Habari za cheo siandiki kwa sababu sikuwa nacho. Za mshahara siandiki kwa sababu karatasi italowa. Nitawaandikia kazi.

Siku ya kwanza niliingia na ufagio. Nilikuwa nimesoma duksi peke yake, yaani madrasa, Qurani naisoma alhamdulillahi, lakini herufi za kizungu kwangu zilikuwa nyayo za kuku. Aliyenipokea ni Mzee Kitonga, Mkamba, mtu aliyetoka "Kenya", kama tunavyosema huku, utadhani sisi tuko Uarabuni. Watu wengi wa kutoka huko wakiletwa Garissa walijihesabu wamefungwa. Mtu anakuja na sanduku, halifungui, analiweka chini ya kitanda anangoja barua ya uhamisho. Mzee Kitonga alifungua lake siku aliyofika, na ndani hakukuwa na shati zaidi ya mbili. Kulikuwa na sindano za kushonea vitabu.

Yeye ndiye aliyenifundisha gundi. Sikilizeni vizuri, kwa maana hiyo ya chupa mnayoletewa siku hizi inakauka na joto la hapa kama mate. Unapika unga wa ngano mwembamba, unatia shabu kidogo ili mende wasile, unaacha ipoe ndiyo unapaka. Uzi unachomoa kwenye gunia la nailoni, ule mweupe. Alikuwa akisema kitabu huanza kufa mgongoni, kama punda, kwa hiyo kikija mkononi usiangalie picha ya juu, kigeuze uangalie mgongo. Nilishona vitabu hivyo muda mrefu bila kujua ndani vimeandikwa nini. Siku moja akaniuliza nitashona kitu nisichokijua mpaka lini, akanipeleka mwenyewe kwenye masomo ya jioni, yale ya ngumbaru, baada ya swala ya magharibi, karabai katikati ya darasa na wadudu wote wa mto Tana wamekuja kujiandikisha. Nilisoma hapo mpaka nikafanya mtihani wa darasa la nane, na mwalimu alipohamishwa serikali haikuleta mwingine. Chaki nikashika mimi, wa gundi. Mzee Kitonga alikuwa ameshastaafu wakati huo. Alirudi kwao na sindano akaniachia.

Baadaye wakubwa wakaamua vitabu vipande ngamia. Wazo si baya, nasema haki. Watu wetu wanahama na mifugo, mtoto hawezi kuingoja maktaba kama anayengoja mvua. Lakini mngeona wageni waliokuja na kamera. Ngamia wetu mmoja alipigwa picha kuliko bibi harusi yeyote wa Garissa. Mgeni mmoja alimuuliza mchungaji wetu ngamia anajisikiaje kubeba elimu. Mchungaji akamwangalia, akasema ngamia hajui elimu, kwake masanduku hayo ni mbao tu. Jambo la kujua ni mizani tu: sanduku la kulia na la kushoto lazima yalingane, ukiweka kamusi upande mmoja na hadithi za watoto upande mwingine ngamia anapiga magoti mbele ya mlango wa ofisi na hasimami hata umsomee barua kutoka wizarani.

Sasa boksi. Lori lililokuwa likipeleka vitu vya wakimbizi Dadaab liliteremsha maboksi mlangoni kwetu, zawadi ya vitabu kutoka Marekani. Mkubwa wetu wa wakati ule simtaji, kwa sababu kusengenya ni dhambi na habari zake hazisemeki bila kusengenya. Tukafungua. Kulikuwa na kitabu cha kuteleza juu ya theluji. Kulikuwa na kitabu cha kupika nguruwe, hicho nilikitoa kwa kipande cha gazeti nisikiguse. Kulikuwa na vitabu vya kodi ya kwao, vya zamani. Na chini kabisa, nakala nyingi za kitabu kimoja chembamba cha watoto, kipya kabisa, hata panya hajakifungua: maisha ya mke wa rais mmoja wa Marekani wa karne ya kumi na tisa. Mtu akikupa bure nakala nyingi hivyo za kitu kimoja, ujue kilimshinda kuuza.

Mkubwa alifurahi kama amepewa gari. Akasema kitabu kiende na ngamia mpaka Balambala, wasichana wapigwe picha wamekishika, picha irudi Marekani. Akapanga Ijumaa saa saba mchana. Nikamwambia saa hiyo atapiga picha ngamia peke yao. Akasogeza mpaka Jumamosi. Wasichana wakapangwa kwa mstari, wakashika, wakapigwa, na jioni ile ile vitabu vikarudishwa kwenye boksi kwa sababu mkubwa aliogopa vitachafuka. Wallahi hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Nikaomba boksi kwa ajili ya darasa langu la jioni. Si kwa mapenzi. Ni kwamba hatukuwa na kitabu kingine chochote ambacho kila mwanamke angeshika cha kwake. Tulikuwa tunasoma watatu watatu, wa katikati anasoma na wa pembeni wanachungulia. Mkubwa akakubali, picha alikuwa ameshapata.

Basi wanawake wa Garissa, na magoti yao yamebanwa kwenye madawati ya watoto, wakaanza kusoma habari za yule mama. Kiingereza kilitutesa, mimi nafasiri kwa Kiswahili, anayekwama namwambia kwa Kisomali. Aliolewa mdogo na fundi wa nguo. Bwana alijua kusoma kidogo, kuandika hajui sawasawa, hesabu hajui, na mke ndiye aliyemfundisha huku bwana akishona. Yule fundi akapanda, akapanda, mpaka akawa makamu wa rais, rais wa nchi akauawa naye akakalia kiti. Wakahamia Ikulu.

Hapo darasa zima liliinua macho, wakitegemea dhahabu. Kitabu kikasema mama alikuwa na ugonjwa wa kifua. Akakaa chumbani ghorofani miaka yote, wageni akamwachia binti yake. Huyo binti akaleta ng'ombe wa maziwa akawafunga kwenye majani ya Ikulu, na hilo ndilo jambo la kwanza la Wamarekani ambalo wanawake wangu walilikubali bila maswali. Mama mwenyewe kule juu alikuwa akisoma magazeti yote, anakata vipande. Habari nzuri anampa bwana jioni, mbaya anangoja asubuhi. Mimi kama mtu wa maktaba nilisema wazi kwamba kwetu angelipa faini.

Eddo Batula, yaani Shangazi Batula, mwanafunzi wangu mzee kuliko wote, bibi wa wajukuu, alitaka kujua kwa nini mgonjwa wa kifua asipelekwe kukaa kwenye manyatta ya TB kama watu wengine, ameze dawa kila siku mbele ya muuguzi. Nikamwambia dawa zilikuwa bado. Akamsikitikia kwa dakika nzima. Halafu akageuza kurasa nyuma, akaweka kidole kwenye picha ya mwanamke mweusi aliyebeba beseni mlangoni kwa fundi.

"Na huyu ni nani?"

Nikasoma maneno ya chini. Yalisema msaidizi wa nyumbani. Lakini ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, mwandishi alishindwa kuficha: alinunuliwa.

"Huyu naye alifundishwa kuandika?"

Nikasema kitabu hakijasema.

"Basi hakufundishwa," akasema Batula, akafunga kitabu, na siku hiyo hakusoma tena.

Nawaambia nyinyi wa kazi hii: kitabu kinachocheka tangu mwanzo hadi mwisho, kichungulieni mgongoni.

Katika darasa hilo alikuwako Habiba, mke wa Noor fundi cherehani, yule wa baraza la duka la vitambaa sokoni. Habiba ndiye aliyekuwa na kichwa. Nilikuwa nimempangia kufanya mtihani wa darasa la nane, kwa sababu hospitali ilikuwa ikitafuta wanawake wa hapa hapa wa kufundishwa kazi ya uuguzi, na bila hicho cheti hawakuangalii. Alikitaka cheti kile kama mtu anavyotaka maji. Noor alikuwa fundi mzuri asiyejua kuandika hata jina. Kila mteja alimpima kwa kamba, anapiga fundo begani, fundo kiunoni, anaitundika ukutani, na akisahau kamba ni ya nani anashona tu, anamngoja mwenye mwili huo apite.

Habiba alipeleka kitabu nyumbani. Noor akaona picha ya mzungu ameketi juu ya meza, miguu amekunja, ana sindano. Akauliza huyu ni nani. Habiba akamwambia ni rais wa Marekani. Noor akacheka sana. Alipomaliza kucheka akauliza tena.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Wazee wa mtaa wao walikuwa wamegombana juu ya matajiri wawili nani awe diwani, na walipochoka wakamchagua Noor, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfikiria kiasi cha kumchukia. Lakini sheria ilitaka mgombea asimame mbele ya maofisa waone kama anajua kusoma Kiswahili na Kiingereza. Noor akaja nyumbani kwa mkewe amepoa kama chai ya jana.

Habiba akaahirisha mtihani wake mwaka mzima amfundishe. Mimi nilimwambia mwache aanguke, kushona pia ni kazi ya heshima. Hakunisikia. Walitumia chaki ya fundi juu ya kitambaa cheusi cha buibui: anaandika, anasoma, anakung'uta, anaanza upya. Sokoni wakajua. Wenzake wakawa wanamwamkia "Mheshimiwa Rais, suruali yangu iko tayari?" Naye, badala ya kuona haya, akaanza kuitikia.

Alipita mbele ya maofisa, kwa shida. Na kwenye mikutano yake ya kampeni, mimi mwenyewe nimesikia na masikio haya, aliwaambia watu kuna fundi wa nguo Marekani aliyekuwa rais, aliyejifundisha kuandika mwenyewe, peke yake, kwa bidii yake. Nikamwangalia Habiba upande wa wanawake, mimba yake imeshakuwa kubwa. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Noor akashinda. Kamba zikatolewa ukutani, makochi yakaingia, na kila kochi likavikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Mtoto akazaliwa. Habiba akarudi darasani akiwa anamnyonyesha, nikamwandikisha mtihani, naye akawa anasoma akikanyaga chini kwa mguu kumbembeleza. Mwezi mmoja kabla ya mtihani akaacha kuja. Nikatuma mtu. Jibu likaja kwamba Mheshimiwa amesema mke wa diwani hawezi kukaa dawati moja na watoto wa shule wa kaptura akiulizwa maswali. Watu watasema nini.

Hakuna kazi ngumu niliyofanya kwenye maktaba ile kama jioni iliyofuata, na haikuwa ndani ya maktaba. Baada ya alasiri tulikwenda kwa diwani, darasa zima, tumejifunga shungi zetu nzuri, Batula mbele. Noor akatupokea kwa heshima, hilo simnyimi. Wazee wake walikuwa wameketi nje barazani wakingoja yao. Habiba akaleta chai ya maziwa ya ngamia, iliki, tangawizi, akamimina vikombe vyote. Kila mmoja wetu akapokea kikombe, akasema bismillahi, akakiweka chini. Hakuna aliyekunywa.

Kama wewe si wa huku nitakueleza. Mgeni akija na haja, chai yako haimpiti kooni mpaka umjibu. Akiondoka hajainywa, amekuvua nguo, na waliokaa barazani wataipeleka habari mpaka Mandera kabla hujafunga mlango.

Noor akatuangalia, akaangalia vikombe.

"Kunyweni, mama zangu."

"Tutakunywa," akasema Batula. "Habiba afanye mtihani."

Akaanza kuzunguka. Alisema yeye hana neno, ni heshima ya kiti. Alisema watoto watamcheka mama mzima. Batula akamwambia yeye amechekwa na wajukuu wake mwenyewe na meno yao hayajang'oka bado. Utando ulikuwa umeanza kushika juu ya chai. Noor akaona, jasho likamtoka, akachomoa silaha yake ya mwisho.

"Hata yule mke wa rais," akasema, akinielekea mimi, "kitabu chako wewe Mama Rukia, si alikaa ghorofani? Hakuonekana na watu. Mwanamke mwenye heshima yake. Mimi nafuata hapo hapo."

Mimi ni mtu wa kuswali, najizuia sana. Lakini siku hiyo ulimi uliniponyoka.

"Alikaa juu kwa sababu alikuwa anakohoa damu, Mheshimiwa. Wako hana hata mafua."

Nje barazani mzee mmoja akakohoa, na haikuwa kifua, ilikuwa kicheko. Noor akageuka kuangalia mlango. Habiba alikuwa amesimama na birika mkononi, na hakuteremsha macho.

"Mimi nilikufundisha mwaka mzima," akamwambia, polepole. "Hakuna siku nilisema watu watasema nini."

Kisha Noor akasema sawa, aende, lakini akae nyuma. Batula akainua kikombe, sote tukainua. Ilikuwa imepoa, ina utando, na sukari nyingi kupita kiasi, kama chai ya mtu yeyote aliyepata cheo juzi. Tulimaliza yote.

Siku ya mtihani nilifika shuleni mapema nimembebea Habiba penseli mbili na rula. Alikuwa amefika, mtoto kifuani, amemnyonyesha mpaka amelewa maziwa. Mpango ulikuwa Batula amshike mtoto nje mpaka mama atoke. Watoto wa darasa la nane walikuwa wanamchungulia, lakini kucheka hawakucheka, mtihani wao wenyewe uliwatosha.

Tukasikia gari. Mheshimiwa akashuka na suti, tai, na watu wake wanne wanaomfuata hata akienda kununua kiberiti. Mwalimu mkuu akakimbia kumpokea. Wazazi wakasogea. Noor akaona kuna watu, na mwanasiasa akiona watu ni kama mbuzi akiona chumvi. Akaweka mkono begani mwa Habiba, akapaza sauti.

"Mnamwona huyu? Mke wangu. Mimi mwenyewe nilimfundisha, herufi moja moja, kwa chaki yangu ya kushonea. Wanaume, fundisheni wake zenu."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikamwomba Allah subira, na Batula pembeni yangu naye akaomba kitu, sijui kama ilikuwa subira. Kengele ikalia. Msimamizi akatokea mlangoni na bahasha.

Habiba akainua uso.

"Asante, mwalimu," akasema, mbele ya watu wote. "Basi mshike huyu mpaka nitoke."

Batula alikuwa ameshanyoosha mikono. Habiba akampita, akamweka mtoto juu ya suti ya diwani, akachukua penseli zake kwangu na kuingia ndani. Batula akairudisha mikono yake ndani ya shungi, taratibu, kama mtu aliyehisi baridi.

Noor alibaki amesimama katikati ya uwanja wa shule, watu wanamwangalia, hawezi kumpa mtu yeyote kwa sababu amekwisha hutubia. Mtoto akaikamata tai. Baada ya muda makofi yakaisha, wazazi wakaondoka, watu wake wanne wakatafuta kivuli. Akanijia polepole.

"Mama Rukia, hii mtihani inachukua muda gani?"

Nikamwambia sasa ni hesabu, Kiingereza ni baadaye, na kesho kuna mingine.